Mtu wa Nne

Usijifanye hukumwona. Umekaa mara ngapi katika chumba kama kile, chako au cha jirani yako, umekunja miguu kwenye busati, karata zimo mkononi, na mwanamke akapita mbele yako na sinia la vikombe? Ulisogeza goti apite. Ulinyoosha mkono ukapokea kikombe bila kuinua macho, ukasema ahsante kwa sauti ya mtu anayeishukuru meza. Kisha ukatupa karata yako, ukacheka, na siku ya pili ulipoulizwa mlikuwa wangapi, ukajibu kwamba mlikuwa wanne. Mlikuwa watano. Wa tano ana jina kama wewe. Anaitwa Mwanamwema binti Ismail, kwao kijijini Uroa, na yaliyompata Ijumaa moja mwaka huu yalitokea mbele ya macho ya watu wanaompenda. Ndiyo maana hawakuyaona.

Nyumba yenyewe iko mjini, mtaa wa Kiponda, ghorofa ya pili, na ngazi zake zimesimama hivi kwamba mgeni hufika juu ameshasahau salamu. Jirani wa upande wa kulia siku hizi ni hoteli, na muziki wa kwenye paa lao humwagikia madirishani mwa Bi Nunu, mwenye nyumba, naye huufungia vioo. Ijumaa, wanaume wakisharudi msikitini na pilau ikishaliwa, busati hutandikwa katikati ya ukumbi, karata zikatolewa kwenye kopo la biskuti. Hapachezwi kamari. Bi Nunu aliapa zamani kwamba siku senti moja itakapowekwa juu ya busati lake, karata zote atazitia jikoni ziwashie mkaa. Panachezwa wahed wa sitini, wawili kwa wawili, na wanaofika sitini na moja ndio wenye maneno mpaka Ijumaa nyengine.

Bi Nunu hucheza na mwanawe mdogo, Tamim, ambaye kazi yake ni kuwatembeza wageni na hajaoa. Wanaoshindana nao ni Darwesh, mwanawe mkubwa, mwenye duka la vipuri vya simu Darajani, na Kawthar, binti wa Darwesh. Mwanamwema ni mke wa Darwesh na mama wa Kawthar. Yeye hana pahala kwenye busati. Pahala pake ni baina ya ukumbi na jiko, na hapo amekaa tangu alipoletwa bibi harusi, kama mtu aliyesimama mlangoni akingoja kukaribishwa katika nyumba anayoifagia kila siku.

Usidhani wanamtesa. Bi Nunu humwita mwanangu na maana yake ni mwanangu. Darwesh hajawahi kumpandishia sauti. Tamim humtania, humletea zawadi kila anapokwenda Kizimkazi na wageni wake. Shauri lenyewe lilikuwa dogo hivi kwamba halikuwa na jina. Kahawa haijichemshi, vikombe havijioshi, na mikono iliyozoea ilikuwa yake. Alijua kikombe cha Tamim kimekauka kwa namna anavyokohoa. Alimjua Darwesh ana karata mbaya kwa namna anavyoomba halua. Pengine husimama nyuma ya Kawthar, akaona karata zake, akaanza kufahamu kwa nini hii imetupwa na ile imefichwa, na papo hapo dele la kahawa likaanza kutokota jikoni. Ameona mwanzo wa michezo isiyo na idadi. Mwisho hajauona hata mmoja. Mwisho aliusikia tu kutoka jikoni, kwa kelele.

Kwao Uroa hakukuwa na karata, kulikuwa na mdako. Mama yake alilima mwani. Alirudi kutoka baharini maji yakishajaa, chumvi imemkaukia miguuni, na kabla hajaoga alijitupa kwenye mchanga wa uani, akaokota vijiwe, akacheza mdako na binti zake. Alikuwa mwizi wa vijiwe, na akikamatwa alicheka mpaka akalala chali. Chungu kilingoja. Baba aliporudi akakuta chungu hakijapikwa, alikaa naye pembeni akasubiri mchezo uishe. Mwanamwema alikua akidhani nyumba zote duniani ni hivyo. Alipofika Kiponda akaelewa kwamba sivyo, akanyamaza, kwani bibi harusi hufundishwa kunyamaza kabla ya kufundishwa jengine lolote.

Lililomuuma hasa lilianza mwaka huu. Posa ya Kawthar ilipokelewa, na harusi ikapangwa mwezi wa Mfungo Tatu, ahamie Chukwani kwa wakwe zake. Tangu siku hiyo Kawthar, aliyekuwa akibishana na ami yake Tamim mpaka majirani wakasikia, alianza kuinuka mwenyewe katikati ya mchezo. Hakuitwa na mtu. Aliziweka karata zake, nzuri au mbaya, akaenda jikoni, akauliza kahawa hii inatiwa tangawizi kiasi gani. Anajizoeza, alisema Bi Nunu, akamsifu. Mwanamwema alimpokea jikoni, akamwonyesha, na moyo wake ukawa mzito kama nguo iliyoloa.

Sasa Ijumaa yenyewe. Tamim alikuwa anachanga karata. Akasema, kama mtu anayesema mvua itanyesha, kwamba Kawthar akishaondoka watabaki watatu, na watu watatu hawachezi wahed wa sitini. Mtu wa nne watampata wapi?

Shauri likajadiliwa kwa uzito wake. Darwesh akamtaja Khatib, jirani wa nyumba ya nyuma. Bi Nunu akamkataa palepale, kwamba Khatib anachungulia karata za watu na akishinda haondoki mpaka alfajiri. Akatajwa Amne, binti wa dada yake Bi Nunu, anayekaa Bububu. Amne anajua kucheza, lakini magoti yake na ngazi za nyumba ile havipatani. Hapo Tamim akatoa simu. Akasema iko programu, unaiweka simu pale pa Kawthar, nayo inacheza kama mtu wa nne, tena inatamka karata inayoitupa. Bi Nunu akauliza kama inaweza kugombezwa. Tamim akasema inaweza, ila haijibu. Bi Nunu akasema basi hiyo ni afadhali kuliko Khatib, na wote wakainama kuitazama.

Wakati huo Mwanamwema alikuwa anamtilia Darwesh kahawa. Mkono wake ulipita juu ya simu, mkono wa gauni lake ukafunika kioo. Tamim akausogeza mkono ule kando, taratibu, kwa adabu kabisa, ili watu waone.

Mwanamwema akabaki na dele hewani. Akauliza, "Mimi je?"

Hakusikika. Alilisema kama alivyozoea kusema mambo katika ukumbi ule, chini ya maneno ya wengine. Basi akaliweka dele juu ya busati, pale katikati, ambapo haliwekwi, na wote wanne wakalitazama dele.

"Nauliza mtu wa nne," akasema. "Kwa nini isiwe mimi?"

Tamim akacheka, na kicheko chake hakikuwa na ubaya. "Shemegi, ukikaa wewe, nani atatuletea kahawa?" Darwesh akazitazama karata ambazo hata hazijagawiwa. Bi Nunu alijibu kwa upole. Alimweleza kwamba mchezo huu mtu hufundishwa tangu mdogo, na watu wa shamba wana michezo yao mizuri, kila mtu na chake. Kisha akamsogelea, akampiga piga goti kama anayempa bishara njema.

"Usiwe na haraka, mwanangu. Mimi nilikaa hapa siku uliyoingia wewe."

Akamhadithia, kwani hakuwahi. Yeye naye alilibeba sinia lile kwa ajili ya mama mkwe wake. Alilibeba Darwesh akiwa tumboni, akalibeba Tamim akiwa mgongoni. Siku Darwesh alipoleta mke, mke yule akainuka baada ya kula, akakusanya vikombe, na Bi Nunu akatazama mikono yake akaiona mitupu. Akakaa. Tangu hapo hajainuka. Tamim naye ataoa, inshallah, mke wa Tamim atalipokea sinia, na Mwanamwema atakaa pale anapopataka. Ndivyo inavyokwenda. Kila mtu ana zamu yake.

Mwanamwema alimsikiliza mpaka mwisho. Kwa miaka yote alidhani amesahauliwa. Kumbe hakusahauliwa, alikuwa kwenye foleni, na foleni ile ilisonga kwa njia moja tu, kwamba aingie mwanamke mwengine mlangoni, mchanga, mwenye haya, asiyejua kukataa. Akamtazama Kawthar. Akaiona Chukwani kama aliyekwishafika: ukumbi mwengine, busati jengine, na mwanamke mmoja aliyechoka, mtu mwema pengine kama Bi Nunu, anayehesabu Mfungo Tatu kwa hamu. Chukwani alikuwapo mtu anayemngoja Kawthar afike ili naye apate kukaa.

"Bi Nunu," akasema, "zamu ya kuachiwa na mtoto wa mwenzangu siitaki. Nataka ya leo."

Muziki wa hoteli ulisikika kupitia vioo. Kawthar akajivuta kando, akapapasa busati pale alipokuwa amekaa. "Kaa hapa, Mama. Pana joto tayari."

Bi Nunu akawatazama wote wawili, mama na binti, akasema haya, mchezo mmoja, na tuone.

Naye alikaa. Najua ungetaka nikwambie kwamba alikuwa akijua siku zote, kwamba mwanamke yule wa Uroa aliwafunga hoi watu wa mjini, ukapiga makofi ukaenda zako ukalala. Hakuwafunga. Angejulia wapi? Karata zilimteleza vidoleni. Alizipanga juu chini. Kawthar akataka kumnong'oneza, Bi Nunu akamkemea. Turufu ilikuwa kopa, na Mwanamwema akajikuta ameshika seti ya kopa, yaani ile saba, ambayo katika mchezo huu hula kila kitu na haiogopi kitu ila ree, ile karata ya moja, peke yake. Hilo alilijua. Akaificha nyuma ya nyengine, na Darwesh, aliyekaa kumkabili, akaiona furaha usoni mwa mkewe, akanyanyua nyusi kumwambia ajizuie. Raundi moja akala yeye. Karata zile nne alizivuta kwake kwa mikono miwili, kama anayekusanya vifaranga, na Darwesh akatabasamu. Ilikuwa muda mrefu hawajatazamana hivyo mchana.

Hapo Tamim, macho yake yakiwa kwenye karata zake, akakisukuma kikombe chake mbele.

Hakumaanisha kitu. Hakumwomba mtu. Ni mkono tu, umezoea. Na mkono wa Mwanamwema nao umezoea. Alizilaza karata zake juu ya busati, nyuso juu, akashika dele, akainama, akamimina. Kahawa ilipofika karibu na ukingo wa kikombe ndipo aliposikia kimya. Akatazama chini, akaziona karata zake zimelala wazi mbele ya watu, seti ya kopa ikiwa juu ya zote. Tamim mwenyewe alikuwa anakiangalia kile kikombe kilichojaa, na masikio yake yamekuwa mekundu.

Karata iliyoonwa imeonwa, ndiyo sheria ya nyumba ile, na Bi Nunu haichezei sheria. Ree ya kopa alikuwa nayo yeye. Hakuharakisha. Aliiweka mpaka mkononi mwa Mwanamwema ikabaki karata moja tu, na kila mtu anajua ni ipi, kisha akaitua ree taratibu. Seti ikaliwa. Darwesh na mkewe walifungwa vibaya.

Basi watu wakaanza kujiweka sawa, kama wanavyofanya mgeni akishaaga. Tamim akasema shemegi kajaribu, Mungu ambariki, akampa Kawthar ishara arudi. Darwesh akakusanya karata. Akamwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Mama Kawthar, yaache. Si umeona?"

Mwanamwema hakuinuka.

"Nimeona," akasema. "Nimefungwa. Kwani nyinyi hamfungwi?"

Akaanza kuwakumbusha, bila kupaza sauti, kwani aliyesimama huona na asiyeulizwa hukumbuka. Alimkumbusha Tamim siku alizitupa karata dirishani kwa hasira, mgeni mmoja wa hoteli akapanda nazo juu akihema, akidhani ni mila. Alimkumbusha Darwesh Ramadhani ile aliyolala ameshika karata, akamtupia mwenziwe leso badala ya karata ya shupaza. Alimkumbusha Bi Nunu, kwa heshima zote, Idi Kubwa moja aliyokaa juu ya ree ya uru mchezo mzima, ikaonekana alipoinuka kwenda kusali. Hapo Tamim akamgeukia mama yake. Bi Nunu akasema hajui inazungumzwa Idi ipi, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Yote hayo yalipita," Mwanamwema akasema, "na hapana hata mmoja aliyeambiwa asirudi. Mlicheka, mkagawiana tena. Mimi nimekosa mara moja, na kilichonikosesha ni kikombe chenu."

Tamim akamwita Kawthar tena, safari hii kama anayeomba. Kawthar alikuwa ameikumbatia miguu yake ukutani. "Mimi naondoka Mfungo Tatu, ami. Mfundisheni anayebaki."

Dele lilikuwa tupu. Kila mmoja alilijua hilo, na macho yakaanza kwenda yalikozoea, kwa Mwanamwema kwanza, kisha kwa Kawthar. Kawthar akaukaza mkumbatio wake, hakuinuka. Mwanamwema akasema yeye ana rai. Toka leo, waliofungwa ndio watakaochemsha. Na kwa kuwa leo wamefungwa yeye na Darwesh, watakwenda jikoni wote wawili, wakirudi wakute wamegawiwa.

"Na nikifungwa mimi?" Bi Nunu akauliza.

"Na wewe, Bi Nunu."

Mkongwe yule akakitazama kikombe chake. Huwezi kujua mtu wa umri ule anarudi wapi anapotazama hivyo. Labda alirudi kwa mama mkwe wake, labda kwenye mgongo wake wenyewe, na mtoto aliyefungwa juu yake. Labda alikuwa anapima tu hesabu ya hatua baina ya busati na jiko. Mwisho akanyoosha mkono, akazitwaa karata kutoka kwa Darwesh.

"Basi sifungwi," akasema, akaanza kuzichanga.

Jikoni, Darwesh alifungua kabati la sahani akitafuta kahawa. Akafungua la pili, akakuta viungo. Amezaliwa katika nyumba ile. Mwanamwema aliegemea mlango, akamwacha atafute. Alipoipata akauliza tangawizi inatiwa kiasi gani, na mkewe akamwambia aonje mwenyewe. Ikatoka kali, imeungua kidogo, na waliirudisha ukumbini hivyo hivyo.

Pale pa Kawthar palikuwa na fungu la karata, zimelazwa kifudifudi, hazijaguswa. Kawthar alikuwa amekaa kando yake kuzilinda. Mwanamwema akakaa, akaziokota moja moja, akazipanga juu chini tena. Bi Nunu akaionja kahawa ya mwanawe, akakunja uso, akaimeza. Kisha akamnyooshea mkwewe kidole.

"Na usiziweke chini tena, umenisikia? Hata nyumba ikiungua."

"Naam, Bi Nunu."

Walifungwa na safari ya pili. Sasa ni wewe. Usinambie kwenu si hivyo mpaka umetazama nani amekaa na nani amesimama, jioni ya leo, katika chumba chako mwenyewe. Usinambie hajawahi kuomba. Usinambie hajui, kwani aliyemnyima kujua ni nani? Usimwambie asubiri mkwe, wala usimwoze binti yako kwa mwanamke anayemngoja ili apumzike. Hiki unachosoma kiweke chini. Inuka wewe, zima jiko, mwite kwa jina lake, mkalishe pale ulipokuwa umekaa, umgawie karata. Akikosea, mgawie tena. Si Ijumaa ijayo, si baada ya harusi. Amesimama mlangoni hivi sasa. Nenda.